Udongo Usio na Kina: Tupime Ardhi ya Uwanda wa Makonde Kabla ya Kupanda

Mvua za kusini huanza kunyesha kati ya Novemba na Desemba, na kabla hazijaanza, vitalu vya miche huwa vimekwisha kujaa. Serikali imeziagiza halmashauri zote nchini zipande miti isiyopungua milioni 1.5 kila mwaka, nasi sote tumeona jinsi agizo hilo linavyotekelezwa: viongozi hufika, shule huitwa, vyama vya kitume hushiriki, miche huhesabiwa, picha hupigwa. Parokia zetu nazo hupanda. Ni jambo jema, wala sina nia ya kulibeza. Hata hivyo, katika taarifa za upandaji miti nilizowahi kuzisoma nimekuta idadi ya miche, aina ya miche na majina ya wageni waalikwa. Sijakuta hata moja inayosema udongo uliopokea miche hiyo una kina gani. Swali hilo dogo ndilo linaloamua kama mti utauona mwaka wake wa tano, na kama shamba la mahindi litastahimili siku kumi na tano za jua kali katikati ya masika. Katika wilaya za Tandahimba, Newala na Masasi, jibu lake silo tunalolidhani.

Wapendwa waamini, swali la kina si geni kwetu. Katika mfano wa mpanzi, kama anavyousimulia Mathayo katika sura ya 13, Bwana anazitaja mbegu zilizoanguka penye mwamba. Tunapouhubiri mfano huo, aghalabu tunakimbilia jua lililozichoma. Lakini Injili imetangulia kueleza jambo ambalo mkulima hawezi kulipita: mbegu hizo ziliota upesi kwa sababu udongo ulikuwa haba. Wasikilizaji wa Galilaya, ambao vilima vyao vina mawe ya chokaa chini ya udongo mwembamba, walielewa mara moja. Udongo mwembamba hupata joto haraka, mbegu huchipua mapema, na shamba hupendeza katika juma la kwanza kuliko shamba la jirani. Uzuri wa juma la kwanza ndio unaodanganya.

Mtu wa Tandahimba atanijibu kwamba hayo ni ya Galilaya. Kwetu chimba mpaka uchoke, hutakutana na jiwe. Anasema kweli. Uwanda wa Makonde umejengwa kwa matabaka manene ya mchanga na udongo mwekundu yaliyolala juu ya miamba ya kale. Unaanzia kwenye ukingo mkali wa Newala na kuteremka polepole kuelekea pwani. Mvua inayonyesha juu yake huzama, wala haifanyi mito. Chemchemi hutokea chini, kwenye miguu ya miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za watu waliochagua kuishi juu ya uwanda huo mkavu, mbali na mabonde waliyoyahofia kwa maradhi, ilhali maji yalipaswa kufuatwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa. Hata mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, umekuwa kazi ya kuyasukuma maji kutoka visima vya bondeni hadi mlimani. Tuna udongo mrefu usiokaa na maji, na fumbo hilo ndilo linalotulazimu kutofautisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya.

Kuna kina cha fimbo na kuna kina cha mzizi. Kina cha fimbo ni umbali ambao nondo itashuka kabla ya kugonga mwamba. Kina cha mzizi ni umbali ambao mmea unaweza kushuka, ukapumua, ukanywa na kula. Wataalamu wa udongo huuita udongo mfupi ule usiofika sentimeta 50, na mrefu ule unaozidi mita moja. Lakini wanapopima kwa ajili ya kilimo wanakitafuta kina cha pili. Na hicho chaweza kuwa kifupi hata pale ambapo fimbo haigongi kitu.

Tufanye hesabu moja nyepesi. Udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo unaweza kuhifadhi takriban milimeta 80 za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita moja ya kina. Mchanga mtupu huhifadhi pungufu ya hapo. Mahindi yaliyokomaa majani, chini ya jua letu, hunywa kama milimeta 5 kwa siku. Ikiwa mizizi imeishia sentimeta 30, ghala lake lina milimeta 24, yaani chakula cha siku tano. Ikiwa mizizi imefika sentimeta 120, ghala lina milimeta 96, na mmea una siku kumi na tisa. Wakulima wa Mtwara wanajua kwamba kati ya mwisho wa Januari na Februari mvua huwa na desturi ya kukatika kwa juma moja au mawili. Kwa hiyo shamba la kwanza limekufa kabla mvua haijarudi, na la pili limenyauka kidogo likainuka tena. Mashamba hayo mawili yaweza kuwa yamepakana, yamepandwa mbegu ileile na kupaliliwa siku ileile. Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi kana kwamba yote yanatoka mawinguni, tunasahau kwamba ukame wa shambani una wazazi wawili: mvua iliyokatika, na udongo ulioshindwa kuitunza ile iliyonyesha.

Ni nini, basi, kinachoufupisha udongo wetu mrefu?

La kwanza ni kupotea kwa tabaka la juu. Katika udongo wa kichanga, karibu chakula chote cha mmea hukaa katika tabaka jembamba lenye rangi nyeusinyeusi, lenye mboji, ambalo mara nyingi halizidi urefu wa kiganja. Chini yake kuna mita nyingi za udongo mwekundu ulio maskini. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara. Clement Gillman, aliyeandika mwaka 1945 kuhusu kilimo cha uwanda huu, alieleza utaratibu wa kufyeka kichaka, kulima miaka michache, kisha kukiacha kichaka kijirudie kabla ya kukifyeka tena. Kichaka kile kizito, ambacho mgeni alikiona kama pori lisilo na faida, ndicho kilichokuwa ghala la mboji. Msomaji wa kitabu cha Walawi, sura ya 25, atatambua hapo kitu kinachofanana na pumziko la ardhi la mwaka wa saba, ingawa Wamakonde hawakulipata kwa Musa.

Pumziko hilo limetoweka kwa hatua. Mikorosho, iliyoenea sana uwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ni miti ya kudumu. Ardhi iliyopandwa mkorosho hairudi tena kuwa kichaka. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zikawakusanya watu mahali pamoja, na mashamba yaliyo karibu na makazi yakalimwa mwaka hadi mwaka. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Leo muhogo hufuata muhogo. Simlaumu mkulima mwenye ekari mbili kwa kutolaza moja; nasema tu kwamba ghala limefungwa na hakuna aliyefungua lingine.

La pili ni gumu kulisema katika wilaya zetu, kwa maana linagusa zao linalotulisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 ugonjwa wa ubwiriunga, pamoja na sababu nyingine, uliiangusha korosho ya Tanzania kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi kiasi cha tani 17,000 katika msimu wa 1986/87. Salfa ndiyo iliyotuinua tena. Nyumba za bati, ada za shule, na hata makanisa kadhaa tunayosali ndani yake, vyote vina unga wa salfa katika historia yake. Lakini salfa ikishaanguka ardhini haibaki salfa. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali. Kwa hesabu ya kemia, kila kilo moja ya salfa inayogeuka hivyo huhitaji takriban kilo tatu za chokaa ili ukali wake utulizwe. Mfuko mmoja wa kilo 25, ikiwa wote utafika ardhini, unadai kiasi cha kilo 78 za chokaa. Najiuliza ni wangapi kati yetu waliowahi kupeleka chokaa shambani, wakati salfa imepulizwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji, walilichunguza jambo hili katika udongo wa mikorosho wa kusini-mashariki na kuchapisha matokeo yao tangu mwaka 2001. Walionesha kwamba uwezo wa udongo kuihimili tindikali unategemea mfinyanzi na mboji iliyomo. Na udongo wetu wa kichanga una kidogo cha vyote viwili. Udongo ukichachuka kupita kiasi, madini ya aluminiamu yaliyokuwa yamelala ndani yake huyeyuka na kuziumiza ncha za mizizi. Mzizi hufika hapo, hukunjamana, hugeukia pembeni. Nondo ingeshuka mita tatu bila kizuizi, lakini kwa mzizi wa mahindi sakafu imejengwa kwenye sentimeta 25. Sakafu hiyo haionekani kwa macho wala haigongwi kwa jembe.

Na kuna sababu inayotufanya tusiione: muhogo na mkorosho ni mimea mivumilivu. Vyote viwili huendelea kuzaa katika udongo mchachu ambao mahindi na jamii ya kunde vingeukataa. Ndiyo kusema tunalima mimea inayotuficha habari. Siku mkulima atakapotaka kubadili zao, au kijana wake atakapotaka kupanda mboga au miti ya matunda kati ya mikorosho, ndipo atakapogundua alichorithi.

Tukitoka katikati ya uwanda na kufika kingoni, hadithi inabadilika, na hapa fimbo nayo ina kazi. Kwenye miteremko ya Newala makorongo yamekula ardhi hadi karibu na njia na nyumba. Watafiti haohao wa Naliendele na Leuven walichapisha mwaka 2008 vipimo vya makorongo ya uwanda na ya nyanda zilizo chini yake, wakionesha jinsi ukali wa mteremko na ukubwa wa eneo linalokusanya maji vinavyoamua korongo lianzie wapi. Mmomonyoko usio na korongo ni mpole zaidi na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Sentimeta moja ya udongo ikiondoka juu ya hekta moja, zimeondoka meta za ujazo 100, karibu tani 140, yaani safari ishirini za lori la tani saba. Hakuna anayeweza kukuibia malori ishirini ya udongo usiku ukaamka bila kujua; mvua hufanya hivyo kwa miaka michache bila kupigiwa yowe. Na mvua zenyewe zinakuja kwa nguvu mpya. Kimbunga Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019 kilitua Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na sote tunakumbuka hofu ya siku zile mkoani Mtwara.

Masasi ni habari nyingine kabisa. Pale milima ya mawe inasimama peke yake katikati ya tambarare. Miguuni mwake udongo ni mfupi na wa changarawe, mbele kidogo unarefuka, na bondeni unakuwa mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, ndiye aliyetoa kwa dunia, katika miaka ya 1930, wazo la kuuona udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni kama pete za mnyororo mmoja: kinachoondoka juu ndicho kinachorundikana chini. Wazo hilo, linalofundishwa leo katika vyuo vya kilimo duniani kote, lilizaliwa Afrika Mashariki. Nimewahi kuona chini ya mlima mmoja wa mawe shamba la miti lililopandwa kwa shangwe kubwa. Miaka miwili ya kwanza lilistawi. Mwaka wa tatu, kiangazi kilipokaza, miti ya upande wa juu ilikauka karibu yote, na ile ya hatua sitini chini ikabaki kijani. Walipochimba walikuta jiwe kwenye sentimeta 35. Waliopanda walikuwa wamejadili kwa kirefu aina ya mti, na bei ya mbao.

Wapo watakaosema kwamba ramani zipo. Ni kweli; mwaka 2018 kituo cha ISRIC cha Wageningen, Uholanzi, kilichapisha ramani ya kina ambacho mizizi inaweza kufika katika Afrika kusini mwa Sahara, na Wizara ya Kilimo yetu imekuwa ikigawa vifaa vya kupima afya ya udongo katika halmashauri. Nayapongeza yote mawili. Ila ramani ile husoma nchi kwa miraba ya kilometa moja, na ndani ya kilometa moja ya Masasi mnyororo wa Milne waweza kuwa umekwisha kuanza na kumalizika. Nacho kifaa cha halmashauri hakiwezi kufika katika kila shamba. Kazi iliyobaki ni ya mwenye shamba, na kwa maoni yangu ni ya jumuiya ndogondogo kuliko mtu mmoja, kwa sababu kuchimba shimo ni kazi ya mikono mingi.

Jinsi yenyewe si ngumu. Chimba shimo la upana wa kutosha mtu mmoja kusimama, lenye kina cha mita moja na nusu, au mpaka mwamba. Ukuta mmoja unaotazama jua ukwanguliwe kwa kisu uwe safi. Pima kwa futi tabaka jeusi limeishia wapi. Choma kisu ukutani kila sentimeta kumi. Pale kinapogoma pana tabaka gumu, ambalo wakati mwingine ni kazi ya jembe letu wenyewe au ya magurudumu ya trekta. Kisha itafute mizizi. Mahali inapopungua ghafla, au inapopinda na kutambaa kama nyoka, ndipo kina cha kweli kilipo, hata kama chini yake udongo unaendelea. Chukua udongo wa sentimeta 20 za juu na wa sentimeta 50, kila mmoja katika mfuko wake, umpelekee afisa kilimo wa kata apimiwe uchachu. Mwisho, pigilia nondo ardhini karibu na shimo, uweke alama ya rangi usawa wa ardhi. Baada ya misimu miwili alama hiyo itakuwa imezikwa, au imebaki vilevile, au imening'inia juu ya udongo.

Kipimo hicho hubadilisha maamuzi. Penye jiwe karibu hapafai mti wa mbao unaotafuta kina. Paachiwe miti ya asili iliyozoea hapo, ambayo mara nyingi hujirudia yenyewe ikizuiliwa moto. Penye udongo mrefu lakini mchachu, fedha ya kwanza iende kwenye chokaa na mboji kabla ya mbolea ya dukani. Penye mteremko, makinga maji yatangulie miche. Na mkorosho mpya upandwe kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoshauriwa na Naliendele, kwa kuwa ghala moja la maji haliwezi kulisha miti mitatu iliyosongamana.

Siwezi kuliacha suala la haki. Kuurefusha udongo ni kazi ya miaka kumi, na hakuna atakayeifanya katika shamba la kuazima. Katika vijiji vyetu vingi anayeazimwa ardhi huruhusiwa kupanda muhogo, lakini hukatazwa kupanda mti, kwa sababu mti huhesabiwa kuwa dai la umiliki. Wajane na vijana ndio waazimaji wakubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila, hata kwa majina ya mume na mke pamoja. Tume za haki na amani za parokia zingefanya kazi kubwa ya kitume kwa kuwasaidia watu kuzipata, na kwa kuwashawishi wenye ardhi waandikiane na waazimaji mikataba ya miaka mingi. Kumhubiria mboji mtu anayeweza kuondolewa msimu ujao ni kumwongezea mzigo.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipotoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, hakuanza na teolojia. Sura nzima ya kwanza aliitumia kutazama hali ilivyo: maji, hewa, viumbe, watu. Alitaka kwanza tujue kinachotokea katika nyumba yetu. Kwetu sisi, kujua huko kunaanza na sururu na koleo, na ingefaa kuanzie katika viwanja vya parokia na vigango, ambako mara nyingi tuna ardhi nyingi kuliko jirani zetu na tumeipima kidogo kuliko wao.

Miezi ya Septemba na Oktoba inafaa zaidi, kwa kuwa udongo ni mkavu na tabaka gumu hujitokeza wazi. Kila kigango kichague mahali patatu: juu, mteremkoni na bondeni, palipo tambarare kabisa, kama sehemu nyingi za Tandahimba, shimo moja liwe chini ya mkorosho mkongwe uliopulizwa miaka mingi na lingine mahali ambapo salfa haijafika, ili yalinganishwe. Vipimo viandikwe katika daftari moja linalokaa kwa katibu wa kigango, pamoja na tarehe na jina la mwenye shamba, na daftari hilo lifunguliwe kabla ya mche wowote kutolewa kitaluni. Mashimo yafunikwe kwa magogo na miiba tangu jioni ya kwanza, maana watoto na mbuzi hupita hapo, na yafukiwe kabla ya mvua, udongo mwekundu ukitangulia chini na mweusi ukirudishwa juu.